Minyoo Sitini kabla ya Saa Tatu

Kazi yangu ni kumtazama mnyoo akiingia kwenye tope. Watu wakiniuliza nafanya nini, nasema niko maabara, wanaridhika, wanadhani napima damu. Damu nilipima miaka kumi na mmoja hospitalini, mpaka nikachoshwa na ndugu wa wagonjwa. Mnyoo wa baharini hana ndugu wanaogonga dirisha kuuliza majibu yametoka au bado.

Juu ya meza ndefu kuna mabeseni kumi na mawili. Kila moja lina tope la kina cha shubiri moja na maji ya bahari juu yake. Namchota mnyoo kwa kijiko cha plastiki, namlaza juu ya tope, nabonyeza saa. Anainua kichwa, anapapasa, anachoma, anajivuta, na mwili unafuata pingili kwa pingili. Ncha ya mkia ikizama nabonyeza tena na kuandika. Dakika kumi zikiisha bado yuko juu, naandika "hakuingia" na kumtoa. Wenzangu wa ghorofa ya pili wananiita Mama Saa. Nilikasirika wiki ya kwanza, kisha nikazoea.

Tope ni la aina mbili. Moja linatoka ufuko wa mbali, mwendo wa saa mbili kwa basi, ambako hakuna kiwanda wala bomba. Jingine linatoka horini, kwenye ule mkono mwembamba wa bahari unaopita nyuma ya kiwanda cha betri. Tope la hori lina risasi, shaba na zinki. Hilo vipimo vya kemia vilishasema na hakuna aliyebisha. Lililobaki lilikuwa kujua kama kiasi kile kinamdhuru yeyote, na anayeulizwa ni mnyoo. Mnyoo mzima akiwekwa kwenye tope jema huingia haraka, kwa kuwa juu ya tope kuna kaa na ndege wanaomtaka. Metali zikimwingia anakuwa mzito. Anasitasita, anazurura, anasahau kujificha. Kama tope la hori lingeonekana kumchelewesha, halmashauri ingelizungushia hori uzio. Kama lisingeonekana hivyo, lingeachwa wazi.

Mabeseni yana utepe wa rangi, bluu au njano, na mimi sikuambiwa ipi ni ipi. Tope lote lilichujwa mpaka likafanana. Maana ya rangi Daktari aliifungia kwenye bahasha ndani ya droo yake, ili mkono wangu usiwe na upendeleo. Daktari ni bosi wangu, mtu mpole anayefuta miwani yake kila anapotaka kusema jambo baya. Safari hii alikuwa na sababu ya kuficha, kwa sababu alijua nani anaishi kwa hori lile. Ni mdogo wangu.

Mdogo wangu anachimba minyoo horini na kuwauzia wavuvi wa mshipi kwa ajili ya chambo. Wavuvi wanamwita Umeme. Ana miaka thelathini na minne, mke, watoto wawili na mdomo. Kwa nusu saa anajaza kopo ambalo mwingine angelijaza kwa asubuhi nzima. Nimewaona watu wazima wamesimama ukingoni wanamtazama. Anapiga beleshi mara moja, anafunua, anaokota mmoja mmoja huku anapiga soga na watazamaji, na akimaliza shati lake halina doa. Kwa kujipigia debe hajambo. Anapenda kusema kwamba kuna wachimbaji, halafu kuna yeye. Nilimlea mimi baada ya wazazi kuondoka, na nakiri kwamba hata mimi nilivimba kichwa kidogo kila nilipomwona kazini.

Basi nikamwombea awe anatuletea minyoo wa majaribio. Sharti lilikuwa moja: wachimbwe ufuko wa mbali, wasiwe wa hori. Mnyoo wa hori ameishi ndani ya metali hizo maisha yake yote. Tunayemtaka ni mgeni asiyelijua tope lile. Umeme akaitikia kwa kichwa. Kila Jumanne kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwetu na minyoo sitini kwenye ndoo, shati safi, anatania na mlinzi.

Kutoka ufuko wa mbali hadi maabara ni saa mbili kwa basi, na basi la kwanza la kwenda huko linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wa darasa la tatu angepiga hesabu hiyo. Mimi sikuipiga. Kosa hilo ni langu, nalitaja sasa lisije likadhaniwa la mtu mwingine.

Kwa miezi minne nililaza minyoo mia tisa na sitini juu ya tope. Wengi walichukua dakika nne, au nne na nusu, katika kila beseni, bluu kwa njano. Nikaamini huo ndio mwendo wa mnyoo. Sikuwahi kumwona mwingine wa kumlinganisha naye. Mwishoni Daktari alifungua bahasha mbele yangu. Bluu ilikuwa hori, njano ufuko wa mbali, na tofauti kati yao ilikuwa sekunde kumi na moja.

"Hakuna kitu," alisema Daktari. "Ripoti itaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Hori libaki."

Nilifurahi. Sitajifanya kwamba nilipokea matokeo kama mtu wa sayansi. Nilikwenda chooni nikajifungia, nikacheka peke yangu.

Siku iliyofuata Daktari alitaka ndoo moja ya tope safi ya kuweka stoo. Dereva alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nikaenda mwenyewe ufuko wa mbali na beleshi la maabara. Maji yalikuwa yametoka, tope linang'aa, hakuna mtu. Nilipofunua beleshi la kwanza, kitu chekundu kilipita kwenye ukuta wa shimo na kutoweka. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Beleshi la pili, hivyo hivyo. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na baada ya nusu saa nilikuwa na minyoo watano na mgongo unaoniuma. Nikawatia kwenye ndoo pamoja na tope lao.

Asubuhi ya Ijumaa nilimlaza wa kwanza kwenye beseni la njano, tope la kwao. Nilipobonyeza saa alikuwa nusu ndani. Sekunde arobaini na nne, mkia ukazama. Wa pili nikamweka kwenye bluu, tope la hori. Aliinua kichwa, akagusa, akakirudisha. Akazunguka ukuta wa beseni taratibu, akagusa tena mahali pengine, akaacha. Dakika kumi zilipoisha alikuwa amejikunja pembeni, mwili wote nje. Wa tatu kwenye njano: sekunde hamsini na moja. Wa nne na wa tano kwenye bluu: hakuingia, hakuingia.

Niliketi kwenye kiti cha juu. Ndipo nilipopiga ile hesabu ya basi.

Nilimweleza Daktari yote, bila kuficha kosa la mdogo wangu. Alifuta miwani kwa muda mrefu.

"Minyoo mia tisa na sitini," alisema.

"Wote ni wa hori, Daktari. Ni wazito wote. Tope safi haliwezi kuwafanya wepesi kwa siku moja, na tope chafu hawalishangai."

"Na hao wako ni watano."

"Watano."

"Siwezi kuzuia ripoti kwa minyoo watano. Halmashauri wameisubiri tangu mwaka jana." Alivaa miwani. "Niletee sitini wa kweli kesho. Wapumzike siku mbili, tupime Jumatatu na Jumanne. Usipowapata, ripoti inaondoka ilivyo."

Mchana nilikwenda kwa mdogo wangu. Wifi yangu alikuwa anaanika nguo uani. Umeme alikuwa anasuuza ndoo zake kwenye bomba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Minyoo wa Jumanne unawachimba wapi?"

"Si huko huko mlikonituma."

"Ufuko wa mbali."

"Ndiyo."

"Unapanda basi gani?"

Akasuuza tena ndoo iliyokwisha kusuuzwa. Wifi aliacha kuanika.

"Lile la asubuhi."

"Lile la asubuhi linafika kule saa mbili. Wewe saa tatu kasoro uko mlangoni kwangu. Umeota mabawa?"

Wifi alicheka, akajiziba mdomo kwa shati bichi. Umeme alifunga bomba.

"Haya, nawachimba horini," alisema. "Lakini dada, mnyoo ni mnyoo. Mlitaka sitini, nimewaletea sitini, wazima, wanene. Kuna siku nilipunguza hata mmoja?"

"Nilitaka wageni. Umeniletea wenyeji, nikawauliza kama nyumba yao ni nzuri."

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaokuja kutembelea maabara. Nilimwambia kuhusu wale watano. Alisikiliza amekunja mikono, na nilipotaja uzio, uso wake ulibadilika.

"Kwa hiyo unataka kufunga hori."

"Nataka kupima vizuri."

"Usipopata hao sitini?"

"Hori linabaki."

"Na umekuja mpaka hapa kuniambia hivyo."

"Nimwambie nani? Wewe ndiye utakayekosa pa kuchimba."

Wifi alisema, "Baba Mkubwa wa Minyoo leo kapatikana," lakini hakucheka. Umeme alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilijua anachowaza, maana na mimi nilikuwa nakiwaza. Peke yangu ningerudi na kumi, au kumi na watano. Alichotakiwa kufanya ni kukaa hapo hapo juu ya ndoo mpaka Jumapili.

"Nilihangaika nusu saa kupata watano," nilisema. "Wale wana mbio."

"Mbio kwa nani?" Aliinua kichwa. "Kwa wewe. Wewe una mkono wa ofisini. Mimi nimelichimba tope lile miaka kumi na saba, dada. Hakuna mnyoo anayenikimbia." Akasimama. Sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi. "Tukishuka saa mbili, nakupa sitini kabla ya saa tatu. Uwapeleke, uwaweke kwenye tope langu, utaona wataingia kama kawaida. Hao watano wako uliwatoa roho kwa kuwavuta."

Sikumbishia. Nilihitaji minyoo, na yeye alihitaji kunionyesha.

Jumamosi saa mbili na dakika tano tulikuwa ufukoni. Maji yalikuwa yametoka mbali na yangerudi saa sita. Umeme alivaa viatu vya mpira na shati jeupe. Alichagua mahali penye vitundu vingi, akanitazama kuhakikisha namwona, akapiga beleshi lile lile moja, akafunua.

Hapakuwa na kitu. Vitundu vilibaki kwenye ukuta wa shimo vikijaa maji.

"Palikuwa na maji mengi," alisema, akasogea.

La pili lilitoa mkia. Aliudaka, ukamkatikia vidoleni. La tatu halikutoa kitu, wala la nne. Alianza kuchimba haraka, kisha kwa nguvu, kisha kwa haraka na nguvu pamoja, akirusha tope nyuma. Mara mbili alijitupa chini kwa kifua kumfukuza mnyoo kwa mkono, na mara zote mbili aliinuka na ngumi ya tope tupu. Maneno yalimpungua. Saa tatu ilipofika alikuwa na wawili, mmoja wao hana mkia, na shati jeupe huwezi kulitambua tena. Mimi nilikuwa na wanne.

Kwenye basi nilikuwa nimeandaa mzaha wa saa tatu. Nikaumeza.

"Hawa wana nini?" aliuliza.

"Wazima."

"Hapana, wana nini? Wanajua beleshi linakuja kabla halijafika."

"Ndivyo alivyo mnyoo mzima. Ukikanyaga tu, anasikia mtikisiko, anashuka."

Alibaki ameshikilia mpini wa beleshi kwa mikono miwili.

"Wa kwangu hawashuki," alisema.

"Hawashuki."

"Nikifunua wamelala tu. Wengine wako juu kabisa, hata kabla sijachimba."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wa kwangu ni wagonjwa."

"Ndiyo."

Alitazama ndoo yake yenye minyoo wawili. "Watu walikuwa wanasimama kuniangalia, dada. Wengine walikuwa wanakuja na watoto wao."

Hapo niliumia, na sitaki kulizungusha. Kumfungia hori nilikuwa nimejiandaa nako. Tangu Ijumaa nilikuwa nawaza ni kazi gani nyingine nimtafutie. Hili sikuwa nimeliwaza kabisa. Miaka kumi na saba alijua jambo moja juu yake mwenyewe ambalo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, na mimi nilikuwa nimempandisha basi nikamleta hapa kulinyang'anya. Nilitaka kumwambia kwamba bado ni hodari. Sikuwa na ushahidi wowote, na mdogo wangu si mtoto.

Nilidhani atabeba beleshi aondoke. Angekuwa na haki. Tulikuwa na sita, na sita hawafungi hori la mtu.

"Baba alikuwa anachimbaje?" aliuliza.

Baba yetu alifariki yeye akiwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na kumi na sita na ndiye niliyembebea ndoo, hori lile lile, kabla kiwanda hakijajengwa. Nilimwambia ukweli. Baba alikuwa anarudi na tope mpaka masikioni, anawatukana minyoo matusi ambayo mama hakutaka tuyasikie, na siku njema alipata arobaini. Hakuwahi kuchimba pale alipo mnyoo. Alikuwa anavua viatu, anatembea kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, anachimba mfereji urefu wa mkono mbali na vitundu, kina cha goti. Halafu anakata ukuta wa mfereji kwa ubavu, vipande vyembamba, ili mnyoo akishuka akutane na mkono uliokwisha kumtangulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwahi kuhitaji."

Umeme alivua viatu vya mpira, akaviweka juu ya jiwe. Mfereji wa kwanza ulimchukua muda mrefu na ukaporomoka. Wa pili ulitoa watatu. Nilichimba wangu kando yake. Hatukuzungumza, isipokuwa kutaja idadi. Saa nne na nusu tulikuwa na kumi na tisa. Saa tano na robo, thelathini na wanne. Alianza kukata ukuta bila kuuporomosha, na mara moja nilimsikia akimtukana mnyoo kwa sauti ya chini, akasimama kidogo, akaendelea.

Maji yalirudi kabla hatujawa tayari. Yalipofika vifundoni nilihesabu ndoo zote mbili. Arobaini na tisa.

Alijua, kama nilivyojua mimi, minyoo hawa watafanya nini Jumatatu wakilazwa kwenye utepe wa bluu. Alikuwa amewakimbiza asubuhi nzima. Hakuhitaji saa yangu. Kila aliyeingia ndooni alikuwa nguzo moja ya uzio wa horini. Sikutaka awe yeye wa kuzisimika zote.

"Wanatosha," nilisema. "Daktari hatakataa arobaini na tisa. Twende, viatu vyako vitachukuliwa na maji."

"Alisema wangapi?"

"Alisema sitini, lakini..."

"Basi bado kumi na mmoja," alisema mdogo wangu. Akasogea hatua mbili upande wa nchi kavu, pole pole, miguu mitupu, akaanza mfereji mwingine.